Mhariri, Loire siyo ya kwenda na basi

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na wenzako hapo chumba cha habari. Naandika kuhusu ile makala yenu ya utalii ya Jumapili, ile ya majumba ya wafalme wa Ufaransa, na nianze na kosa dogo kabla sijasahau: picha mliyoweka juu, lile jumba lililosimama juu ya maji kama daraja, ni Chenonceau, na mto unaopita chini yake ni Cher, siyo Loire. Cher inaingia Loire huko mbele ukishapita mji wa Tours. Siwalaumu sana, maana mimi na mke wangu tulichanganya hivyohivyo, tukabishana nusu saa mbele ya ramani, na aliyeshinda siyo mimi.

Hilo dogo. Kubwa ni pale mwandishi wenu aliposema dawa ni kupanda basi Paris asubuhi, uone majumba matatu, jioni urudi, eti baiskeli tuwaachie vijana wa mashindano. Jamani. Mimi nina miaka 61, kitambi ninacho, goti la kushoto linanisumbua tangu enzi za kusimama ubaoni, na mwezi wa sita nimetoka mji wa Orléans mpaka mji wa Saumur, yote iko kando ya Loire, kwa baiskeli pamoja na mama Zuhura, yeye kakodi ya betri kwa hiyo muda mwingi nilikuwa naangalia mgongo wake tu. Siku 6. Binti yetu anasoma Tours, tulienda kumtembelea, yeye ndiye aliyetuingiza kwenye mkumbo huu na mwanzoni nilidhani anatania.

Shida ni kwamba mtu akisikia baiskeli na Ufaransa akili inakimbilia Tour de France, wale jamaa wembamba wanaopandisha milima mpaka ulimi nje. Loire ni habari nyingine kabisa. Ndiyo mto mrefu kuliko yote Ufaransa, kilomita elfu moja na kidogo, na kuanzia karibu na Nevers mpaka unapomwaga maji Atlantiki kuna njia ya baiskeli ya karibu kilomita 900, wenyewe wanaiita La Loire à Vélo, ina vibao kila penye kona, yaani sisi ramani ya simu tuliifungua mara chache tu. Na ni tambarare, tena tambarare ya kweli kweli, mimi mtu wa Tanga najua tambarare ni nini. Sababu yake ni matuta. Tangu enzi za kati watu wa kule walijenga matuta marefu kando ya mto ili maji yasiingie mashambani, na vipande vingi vya njia vinapita juu ya hayo matuta, sasa wewe uko juu kidogo, mkono huu mto, mkono ule bustani za watu za vitunguu na maharage, bibi anamwagilia, anakuinulia mkono, "bonjour", unajibu, umeshapita. Kuna sehemu mnachangia barabara na magari na hapo inabidi uwe macho, ila nyingi ni za baiskeli na waenda kwa miguu.

Mto wenyewe usifikirie Pangani wala Rufiji. Wakati wa kiangazi chao maji yanapungua, mchanga unatokeza katikati visiwa kwa visiwa, ndege wanataga hukohuko, na meli hazipiti tena, unaona mashua za mbao za chini bapa zimefungwa tu kandoni. Ukiangalia hivi utasema mto gani huu, mtoto anavuka. Alafu unafika kijijini unakuta ukutani wamechonga alama za maji yalipofika: 1846, 1856, 1866. Mara tatu ndani ya miaka 20, na kila mara yalibomoa matuta. Sehemu moja mama Zuhura alinyoosha mkono aguse ile ya 1856 akashindwa, na yeye siyo mfupi. Na mpaka leo kuna vibao vya kukataza kuogelea, mchanga unahama na mkondo unakuvuta chini kwa chini. Kimya kingi kina mshindo, si ndiyo tunavyosema.

Sasa majumba. Chambord kwa basi unashushwa maegeshoni, unaliona, unapiga picha. Kwa baiskeli unaanza kwenye ukuta, manake ile hifadhi yake imezungushiwa ukuta wa kilomita 32, unaingia getini, unaendesha msituni muda mrefu hujaona jumba lolote, unaanza kujiuliza kama umepotea, alafu miti inaisha na lile dude lote na minara yake limesimama mbele yako. Nilishika breki bila kujua, mama Zuhura akaja kunigonga nyuma (siku hiyo alikuwa nyuma, betri imeisha). Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519 na kwa jumla hakulala humo hata miezi mitatu, ilikuwa nyumba ya kuwindia! Ndani kuna ngazi mbili zilizosokotana, anayepanda na anayeshuka wanaonana kwenye vidirisha lakini hawakutani. Tulijaribu. Yeye huku mimi kule, tunapungiana kama watoto, wazungu wanatuangalia.

Kitu ambacho brosha hazionyeshi ni minara ya mtambo wa nyuklia pale Saint-Laurent, kabla hujafika Chambord, inatoa mvuke mchana kutwa. Iko mitambo minne kando ya mto huu, inahitaji maji ya kupoozea. Wengine itawaudhi, mimi niliona sawa tu, mfalme alijenga lake na hawa wamejenga lao. Mji wa Amboise sitaeleza sana, ndipo alipofia yule mchoraji Leonardo da Vinci mwaka 1519, foleni ilikuwa ndefu na jua kali, tukanunua peachi tukaendelea.

Mambo ya tumbo ndiyo nataka niyaseme vizuri maana makala yenu hayakuyagusa kabisa. Vijijini saa sita mchana wanafunga. Siyo mgahawa, duka, linafungwa mpaka saa nane, na Jumatatu usishangae mkate hakuna kijiji kizima, kwa hiyo nunua asubuhi ukiuona. Wenzangu Waislamu: ile ya kupaka kwenye mkate inayoitwa rillettes, ambayo Tours wanajivunia sana, ni nguruwe, ulizeni kwanza. Jibini ya mbuzi ya Sainte-Maure haina neno, ndefu kama mshumaa, katikati ina unyasi mkavu, huo usile, mimi nilitafuna. Mvinyo siyo fani yetu, mashamba ya zabibu tuliyaangalia kwa macho tu, mazuri. Na swala nayo ni mtihani mwezi ule, jua linazama karibu saa nne usiku, mtu umechoka, unasubiri Magharibi huku unasinzia.

Na maji. Siku ya pili tuliishiwa, duka limefungwa, jua la utosi, akapita mzee mmoja wa Kifaransa na baiskeli yake tukamuonyesha chupa tupu, akatuonyesha makaburini. Nikadhani hajanielewa. Kumbe kule karibu kila makaburi ya kijiji yana bomba kwa ajili ya kumwagilia maua, na waendesha baiskeli wote wanajua. Mama Zuhura akagoma. "Baba Zuhura, mimi maji ya makaburini sinywi, bora nikauke." Nikamwambia mama, bomba ni hilohilo linaloenda majumbani. "Basi twende tukaombe huko majumbani." Tukabisha hodi nyumba tatu, hakuna mtu. Akanywa. Akanawa na uso. Baada ya hapo kila tukikaribia kijiji ni yeye anayetafuta msalaba wa makaburi uko wapi. Ila angalia kama pameandikwa "eau non potable", hiyo siyo ya kunywa.

Karibu na Saumur mambo yanabadilika, mto una majabali meupe pembeni, ni mawe laini wanayaita tuffeau, ndiyo yaliyojenga mengi ya hayo majumba mnayoyasifia. Walipoyachimba yakabaki mapango, watu wakahamia humo, mengine wanaotesha uyoga. Sisi tulilala chumba cha pangoni usiku mmoja, mbele kina mlango na dirisha kama nyumba yoyote, nyuma ni mwamba, nje watu wanalia joto na sisi tumejifunika blanketi. Jioni wakatuletea vimkate vinaitwa fouées, vinavimba ndani ya tanuri ya kuni kama andazi, unakipasua cha moto unajaza maharage. Mama Zuhura alikula vitano akasema ndiyo kitu cha kwanza Ufaransa kilichoonja kama nyumbani.

Kurudi Tours tulipanda treni ya mkoa, baiskeli tuliingia nazo hatukulipia, ila behewa lilikuwa na ngazi na ile ya betri ni nzito kama jiwe la kusagia, vijana wawili walituokoa.

Kosa letu kubwa lilikuwa upepo. Kule kwa kawaida unavuma kutoka baharini, yaani magharibi, na sisi tulikuwa tunaelekea hukohuko, siku ya tano nilisukuma pedali kwenye tambarare kama napanda Lushoto. Kempingini mzee mmoja akacheka akatuambia wenye akili wanaanzia mji wa Nantes, kule upande wa baharini, upepo unawasukuma mgongoni. Kwa hiyo mkiandika tena, Mhariri, hilo liwekeni, na ile picha mrekebishe. Zuhura anamaliza masomo mwakani, na mama yake ameshauliza nauli ya treni mpaka Nantes.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga