Tembo wa Tarangire hawakai mtoni mwaka mzima

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma zaidi ya miaka 20 na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ila ile habari ya Jumapili kuhusu Mto Tarangire, yenye picha ya tembo wakioga, imenishinda. Mwandishi wako kasema mto unamwaga maji yake Ziwa Manyara. Unaishia Ziwa Burunge. Angefungua ramani tu.

Kilichonichoma zaidi ni pale alipodai kwamba makundi ya wanyama yako mtoni "mwaka mzima". Aprili mwaka juzi shemeji yangu alikuja na watoto wanne kutoka Mwanza, kisa kasoma makala ya namna hiyohiyo, akaning'ang'ania niwapeleke. Nimeendesha watalii tangu 1998, nikamwambia: shemeji, masika haya wanyama wako nyanda za Simanjiro, nje ya hifadhi. Akaona namkwepa. Haya, twende. Nyasi zimefika dirishani, mto umejaa, rangi ya chai ya maziwa, swala wawili watatu, na ndorobo, yaani mbung'o. Wale ndorobo walimng'ata hadi juu ya soksi, akawa anawapiga kwa kofia, na kila akipiga ananitazama mimi kana kwamba ndiye niliyewafuga. Mvua ikinyesha kila dimbwi la Simanjiro lina maji, na nyumbu na pundamilia wanafuata majani ya kule wakazalie. Nani abaki kugombania mto? Njoo Septemba uone. Tembo anakwangua mchanga mkavu kwa mguu wa mbele, anazamisha mkonga shimoni, anasubiri maji yajichuje. Nyuma yake pundamilia wamejipanga, wanamwogopa lakini hawaondoki.

Na njia wanazopita kwenda na kurudi? Pale Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Manyara, mashamba na mabati yanazidi kubana, hilo halikuandikwa, labda halina picha nzuri. Sijagusa Mto Themi hapa mjini, wenye nepi na chupa za maji kila kona. Huo nao unasubiri tembo ndipo upate ukurasa?

Nashauri mwandishi wako apewe chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha, akae ndani ya gari kando ya mto, wiki ya pili ya Septemba, saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni, simu imezimwa. Aprili arudi palepale, shemeji yangu akiwa kiti cha mbele. Vioo viachwe wazi.

Dereva mstaafu,
Sakina, Arusha