Mjomba, mwache kipa: barua ya wazi kuhusu Ndanda

Shikamoo mjomba.

Naandika hadharani kwa sababu uliyoyasema uliyasema mbele za watu. Ule ujumbe wako wa sauti ulianzia kwenye grupu la ukoo, sasa umeshafika mpaka vijiweni huku Chikongola, Mtwara. Watu wanausikiliza, wanatikisa vichwa, wanasema mzee wa Mbagala kanena. Unasema Ndanda, timu yetu ya mpira, iliuliwa na makipa. Katikati ukamwingiza kocha, ukawagusa mabeki, halafu ukarudi kwa kipa tena ukammalizia hasira zote. Kwa heshima yako yote, mjomba, nakataa. Na kwa kuwa wanaosema kama wewe ni wengi hapa Mtwara, na wao wasome.

Mapenzi yako kwa timu siyatilii shaka. Tulipopanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15, pamoja na Stand United na Polisi Morogoro, wewe ndiye uliyekuwa unapiga simu kutoka Dar kuuliza mji ukoje. Mji ulikuwa umepagawa. Wazee waliokuwa wanaisimulia timu ya Bandari ya Mtwara kama hadithi za kale walipata cha kuwaonyesha wajukuu kwa macho. Nangwanda Sijaona, uwanja wenye jina la Lawi Nangwanda Sijaona, mtu wa kwetu aliyekuwa waziri enzi za Mwalimu, ukawa unatajwa redioni kila wiki. Misimu 6 tulikaa pale juu. Julai 2020 tukashuka, na hadi leo Ligi Kuu hatujarudi. Kwa hiyo uchungu ulio nao ninao na mimi. Tunachogombana ni nani abebe lawama.

Tazama bao linavyoingia. Mpira unapotea katikati ya uwanja, kiungo aliyenyang'anywa anageuka kurudi, anachechemea, hakuna anayemtazama. Beki wa kulia amepanda hajarudi, naye hakuna anayemtazama. Winga wa wageni anapiga krosi, mpira unadunda kwenye kipara cha ardhi pale mbele ya goli, unabadilika njia, unapita chini ya mkono. Hapo ndipo uwanja mzima unapomwona mtu mmoja: yule anayeinama kuokota mpira wavuni. Makosa yalikuwa ya watu kadhaa, lakini picha inayobaki kichwani ni ya kipa mgongo umeinama. Ndiyo maana kila kijiwe kina orodha ya makipa wabovu, na hutakuta kijiwe chenye orodha ya viungo waliopoteza mipira.

Nikuulize, mjomba: yule beki kwa nini hakurudi? Msimu tulioshuka, ligi ilikuwa na timu 20. Maana yake mechi 38, na 19 kati ya hizo ugenini. Chukua ramani. Kagera Sugar wako Bukoba. Biashara United walikuwa Musoma. Mbao na Alliance Mwanza, Mwadui Shinyanga, Polisi Tanzania Moshi, Coastal Union Tanga, Lipuli Iringa, Mbeya City na Prisons kule Mbeya. Safari ya jirani ilikuwa moja tu, ya kwenda Ruangwa kwa Namungo. Simba na Yanga wanaweza kucheza mechi kadhaa za ugenini wakalala kwenye vitanda vyao Dar. Sisi kwenda Dar tu ni kilomita zinazokaribia 560, na tukifika hapo timu ya Kanda ya Ziwa ndiyo kwanza tunaanza kuifuata. Mpaka Bukoba ni karibu kilomita 2,000. Unashuka kwenye basi miguu imevimba, unafanya mazoezi mepesi, unacheza, unapanda basi. Hayo ndiyo maisha ya timu ya Kusini isiyo na pesa ya ndege, na hakuna kipa anayeweza kuyadaka.

Kwa hiyo mimi lawama naipeleka kwenye pesa. Na pesa ya mji wetu, mjomba, unajua inakotoka.

Minada ya korosho huanza Oktoba. Kuanzia hapo hadi mwaka mpya mji unachangamka, vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vinalipa, bodaboda mpya zinaonekana, na hata wa viti vya jukwaani wanapatikana. Ligi inapofika Machi na Aprili, mzunguko wa pili, pale ambapo timu inapigania kubaki au kushuka, pesa ya korosho imeshageuka mabati na ada za shule, na kilichosalia kinasubiri salfa, dawa ya mikorosho. Yaani wakati timu inapohitaji watu zaidi ndipo mifuko ya watu inapokuwa mitupu. Jambo hili silisikii likizungumzwa kijiweni hata siku moja, na mimi naliona kubwa kuliko kocha yeyote tuliyewahi kumfukuza.

Kumbuka msimu wa 2018/19. Ligi ilichezwa bila mdhamini mkuu. Msimu huohuo wakulima waligomea bei za mnadani, na Novemba 2018 Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja kusomba. Bei ilikuwa nzuri, ila malipo yalipitia uhakiki kwanza, na wengi walisubiri sana. Kwa hiyo ligi haina mdhamini, mji hauna pesa mkononi, na mechi ni 38. Timu ilibaki Ligi Kuu mwaka ule! Ule ndio ulikuwa ushujaa wa kuusimulia, na sikusikia mtu akisema ni kwa sababu ya kipa. Ikibaki imebaki yenyewe, ikishuka kaishusha kipa? Hapana, mjomba.

Kinachoniumiza zaidi ni kilichofuata. Mei 2021, miezi kumi tu baada ya sisi kushuka, shirikisho la soka (TFF) na Azam Media walisaini mkataba wa haki za matangazo wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Klabu za Ligi Kuu zikaanza kupata fungu kubwa kuliko la zamani. Sisi tulikuwa tumeshatoka nje ya mlango. Timu iliyovumilia miaka ya njaa haikuwepo chakula kilipopakuliwa.

Najua utanijibu kwa Namungo, maana kwenye ujumbe wako uliwataja. Ni kweli, Ruangwa ni mji mdogo kuliko Mtwara, na msimu wao wa kwanza, huohuo wa 2019/20 uliotushusha sisi, walimaliza nafasi ya 4 na wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakafungwa na Simba 2-1 kule Sumbawanga. Wakaenda kwenye mashindano ya Afrika, wakaipiga Primeiro de Agosto ya Angola mabao 6-2, wakaingia hatua ya makundi. Nawapongeza kwa moyo mmoja, ni ndugu zetu wa Lindi. Lakini uwanja wao unaitwa Majaliwa, kwa jina la Kassim Majaliwa, ambaye wakati ule alikuwa mbunge wao na Waziri Mkuu. Timu yenye mtu wa namna hiyo anayeipenda mbele ya nchi nzima haianzi msimu pale tunapoanzia sisi. Na kwenye makundi walifungwa mechi zote 6 bila kupata bao hata moja. Kwa hesabu yako, hapo wa kulaumiwa angekuwa mshambuliaji. Ila wale vijana walikuwa wanacheza mechi za nyumbani Dar, mbali na watu wa Ruangwa, dhidi ya Raja ya Morocco na Pyramids ya Misri wenye mifuko ya aina nyingine kabisa.

Habari za kusema tulirogwa, ambazo nazo ziko kwenye ujumbe wako, nitazipita haraka. Kwenye mpira wetu kila timu ikiyumba kuna watu wanachangisha kwa ajili ya "kamati ya ufundi", yaani waganga. Hela hiyo ingelipa nauli.

Na jezi. Niseme, maana hili ni letu wenye mji. Tulipokuwa Ligi Kuu, siku Yanga au Simba wanapotua Nangwanda, uwanja unajaa, na mlangoni ndipo pesa ya maana inaonekana. Ukiingia ndani ni njano na kijani, au ni nyekundu tupu. Mtoto wa Mikindani kavaa jezi ya mgeni, anamzomea kijana wa Mtwara anayecheza kwao. Wageni wakifunga, mji unalipuka. Nimesimama kwenye jukwaa lile nikiwa na jezi ya Ndanda, nimezungukwa na majirani zangu wanaoshangilia tufungwe. Mchezaji anayasikia hayo. Wiki inayofuata anakuja Ruvu Shooting, na unaweza kuwahesabu watu waliokata tiketi. Klabu haiwezi kulipa mishahara ya mwaka mzima kwa mechi mbili zinazojaza uwanja.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike. Mjukuu wako, huyu wa dada, anadakia timu ya kata. Ana mikono, mjomba, hata walimu wake wanasema. Glavu zake zimepasuka kwenye kidole gumba na amezifunga kwa plasta nyeupe, na kila jioni anazifua anazianika kwenye kamba. Ujumbe wako ulipigwa kwa sauti kubwa hapa uani naye yupo, ukiwataja makipa kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia. Hakusema kitu. Siku mbili baadaye alimwambia kocha wake anataka kucheza mbele. Nilipomuuliza akanijibu, "Babu anasema timu zinauawa na kipa."

Sikuombi ufute ujumbe, umeshasambaa. Naomba utume mwingine. Waambie wenzako wa Mbagala, mliojaa watu wa Kusini wenye kazi na vibanda, kwamba kuna kadi za uanachama na mtu anaweza kulipia akiwa huko huko. Na mkishakuwa wanachama mnayo haki ya kukaa kwenye mkutano mkuu na kuuliza hesabu ya kila shilingi, jambo ambalo mwenye kulalamika kwenye simu hana.

Ila kabla ya hayo mpigie mjukuu wako. Jumamosi timu ya kata inacheza saa 10 jioni, na kocha amesema nafasi yake golini bado ipo akiitaka. Kwako ndiko alikolitoa lile neno, kwangu halitafutika. Mwambie wewe.