Mama wa watoto wale hakuzikwa

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita, katika ukurasa wenu wa burudani, mwandishi wenu aliigusia sehemu ya mwisho ya How I Met Your Mother. Alisema watazamaji walioikasirikia mwaka 2014 walikasirika kwa kuwa walitaka hadithi iishe kwa furaha, wakapewa kifo. Mimi ni mmoja wa waliokasirika na hasira hiyo haijaniisha. Naomba nafasi nieleze kwamba kilichoniuma si kifo.

Kwa msomaji asiyeijua, hii ni tamthilia ya vichekesho iliyorushwa na kituo cha CBS cha Marekani tangu Septemba 2005 hadi tarehe 31 Machi 2014, misimu tisa, sehemu 208. Ni mwaka 2030, na baba mmoja wa New York, Ted Mosby, msanifu majengo, amewakalisha wanawe wawili kwenye kochi ili awasimulie jinsi alivyokutana na mama yao. Kila sehemu ni kipande cha masimulizi hayo. Sisi tuliokuzwa kwa "Hadithi, hadithi?" na "Hadithi njoo!" hatukuhitaji kuelezwa mambo hayo yanavyokwenda. Wewe msikilizaji umeshaitikia, kwa hiyo unakaa. Naye aliyekukalisha anajua umekaa kwa ajili ya nini.

Tulikaa kweli. Mimi nilikuwa nawekewa kwenye flashi na kijana mmoja wa mtaani mwenye kompyuta, msimu ukishakwisha kule Marekani ndipo unanifikia hapa Tanga. Nilimfahamu Marshall na mkewe Lily, Barney na suti zake, na Robin, mtangazaji kutoka Kanada ambaye Ted alimpenda tangu usiku wa kwanza. Sehemu ya kwanza kabisa inaisha kwa baba kuwaambia watoto kwamba hivyo ndivyo alivyokutana na "shangazi yenu Robin". Maana yake tuliambiwa mapema: huyu siye, mngojeni mama.

Sura ya mama tuliiona Mei 2013, mwisho wa msimu wa nane, yuko dirishani pa tiketi akinunua tiketi ya treni. Cristin Milioti, aliyemwigiza, alipewa mzigo mzito wa kuwa mtu aliyengojwa miaka minane, na aliubeba. Mwandishi wenu hakumtaja hata kwa jina, jambo lililonishangaza. Sehemu ya 200, ya Januari 2014, iliirudia miaka ile ile kwa upande wake. Siku anayotimiza miaka 21 anapata habari kwamba mpenzi wake, Max, amefariki, na miaka inapita hajiruhusu kupenda tena. Mwishowe anasimama nje ya chumba cha hoteli usiku, anamwomba marehemu ruhusa, anamuaga. Kisha anachukua gitaa lake dogo na kuimba peke yake, huku Ted, chumba cha jirani, akimsikiliza bila kumwona. Nimeiangalia sehemu hiyo mara nyingi mno, na kila mara nainyamazia.

Naitaja kwa sababu inaonyesha watungaji wake, Carter Bays na Craig Thomas, walikuwa wanajua kufiwa ni nini. Walishaonyesha hata kabla ya hapo. Januari 2011 walitoa sehemu iliyofichwa namba, kutoka 50 hadi 1, katika vitu vya kawaida vilivyoizunguka. Mtazamaji anahesabu bila kujua anahesabu nini, mpaka Lily anashuka kwenye teksi na kumwambia Marshall kwamba baba yake amefariki. Sehemu iliyofuata yote ilikuwa mazishi huko Minnesota. Marafiki walifunga safari wakaenda kukaa naye, mmoja kaja na hiki, mwingine na kile, wanamchekesha, wanashindwa, wanabaki naye. Kipindi cha vichekesho kilimpa mzee yule, ambaye tulikuwa tukimwona mara chache tu, msiba kamili.

Sasa nije kwenye sehemu ya mwisho. Karibu msimu wote wa tisa ulikuwa umetumika kusimulia siku mbili tatu za harusi ya Barney na Robin. Halafu katika muda usiofika saa moja tukakimbizwa kutoka mwaka 2013 hadi 2030. Ndoa tuliyoiandaliwa msimu mzima ikavunjika kwa mazungumzo mafupi hotelini. Hilo niliweza kulimeza, ndoa huvunjika. Ted akakutana na mama, Tracy, kwenye kituo cha treni mvua ikinyesha, chini ya mwavuli wa njano ambao kila mmoja aliwahi kuumiliki, na mazungumzo yao pale kituoni ni mazuri kuliko nilivyotazamia. Kisha, kabla hujafuta machozi ya furaha, sauti ya baba inasema mama aliugua. Tunamwona kitandani hospitalini, Ted kando yake. Ni sekunde chache. Tunarudi kwenye kochi.

Na pale kwenye kochi watoto wanacheka. Binti anamwambia baba yake kwamba katika hadithi yote mama hatokei sana, kwamba hadithi hii ni ya shangazi Robin, kwamba mama ameshaondoka miaka sita, basi aende akampigie simu. Kaka yake anaunga mkono, wote wachangamfu. Baba anakwenda hadi chini ya dirisha la Robin na lile tarumbeta la buluu aliloiba kwa ajili yake katika sehemu ya kwanza. Mwisho.

Mheshimiwa Mhariri, mama yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mwaka wa tano baada ya msiba, baba alituita sebuleni, mbele ya baba mdogo na shangazi, akatuomba ruhusa ya kuoa. Tulimpa, na mama aliyetulea kuanzia siku hiyo nampenda na ninamheshimu mpaka leo. Kwa hiyo mtu asinielewe kwamba nataka mgane akae na upweke wake. Ila jioni ile hakucheka mtu. Baba alianza kwa kumtaja marehemu kwa jina, akasema mambo waliyozungumza siku zake za mwisho, akafika mahali akashindwa, shangazi ndiye aliyemalizia. Dada yangu alitoka akaenda kukaa jikoni peke yake. Aliporudi ndipo alipokubali. Ruhusa ya mtoto aliyefiwa na mama hupatikana hivyo, na mtu aliyewahi kuitoa anaitambua isiyo ya kweli hata kwenye televisheni.

Kwa nini watoto wa Ted wanacheka? Jibu linajulikana. Kipande chao kilipigwa picha mwaka 2006, wakati wa msimu wa pili, kwa hofu kwamba waigizaji Lyndsy Fonseca na David Henrie wangekua na kubadilika sura kabla kipindi hakijaisha. Kilihifadhiwa kwa siri miaka yote ile. Wakati vijana wale wanacheka, mama yao alikuwa bado hajapata jina wala mwigizaji. Hawakuwa na mtu wa kumlilia.

Wanaoitetea sehemu hii husema mwisho ulipangwa tangu zamani na dalili zilikuwapo. Ni kweli zilikuwapo. Machi 2014 Ted anatokwa na machozi mbele ya mkewe likitajwa suala la mama kukosa harusi ya binti yake, na wengi tulibashiri pale pale. Lakini nguo iliyopimwa mtoto akiwa na miaka miwili, fundi hawezi kuilazimisha mwilini akiwa na tisa kwa sababu tu kitambaa alishakikata. Hadithi ilikuwa imekua. Mwezi Februari ya mwaka ule ule walituonyesha Ted akimwachilia Robin ufukweni, akapaa angani kama puto, na tukaamini ameachiliwa. Ama wasingetuonyesha hilo, ama wangekitupa kipande cha 2006.

Baadaye waliuza diski zenye mwisho mwingine, ambao mama haugui, hadithi inakomea kituoni. Wapo waliofurahi. Mimi hapana, kwa kuwa huko nako msiba haukukaliwa, uliondolewa tu.

Nilichokikosa ni sehemu moja, dakika zao zile ishirini na kitu. Nyumba ya Ted siku chache baada ya mazishi. Marshall, aliyekaliwa msiba wa baba yake na watu hawa hawa, anafika wa kwanza na hajui aseme nini. Lily yuko jikoni anapika chakula ambacho hakuna atakayekila. Barney, aliyekwishakuwa baba wa binti, amekaa chini sakafuni anacheza na watoto ili wasisikie wakubwa wakilia. Robin anakuja kutoka safarini na anabaki mlangoni, kwa sababu anajua yeye ni nani katika nyumba ile. Na binti, ambaye bado mdogo, anauliza mwavuli wa mama uko wapi.

Wako msomaji,
Tanga