Barua ya malalamiko: Peugeot 504 yenye mmiliki mmoja

Walukuba, Jinja
9 Juni 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Kampuni ya Kuuza Magari Mtandaoni,
Kampala.

KUH: GARI MLILONIUZIA BILA KUWA NA HAKI YA KULIUZA

Salamu.

Mimi ndiye yule mzee wa Jinja anayewapigia simu kila Jumatatu. Vijana wenu wananijua kwa sauti. Mmoja huniita "boss", mwingine "mzee wangu", na wote wawili jibu lao ni moja: "Tunashughulikia." Hii ni wiki ya 11. Nimeona niandike, maana maneno ya simu hayawekwi kwenye faili.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa tangazo lenu lilikuwa kwa Kiswahili. Lilisema: "Peugeot 504 ya mwaka 1971, mmiliki mmoja tangu ikiwa mpya, hati safi, unahamisha jina siku tatu." Nililichapisha siku ileile, na karatasi ninayo.

Nianze na huo mwaka. Logbuku (kadi ya usajili) mliyonipa inasema gari lilisajiliwa 1969, na ukubwa wa injini yake ni sisi (cc) 1796. Hapo hakuna ubaya. 504 ilitoka 1968, na za mwanzo zilikuwa na injini hiyo. Lakini injini niliyoikuta chini ya boneti ni ile ya lita mbili, ambayo kwa hesabu kamili ni cc 1971. Nimekuwa fundi wa magari miaka 38, nusu yake nikiwa nimelala chini ya Peugeot, kwa hiyo sikuhitaji mtu wa kunieleza. Fundi wenu aliandika "1971" kwenye karatasi ya ukaguzi, na mwandishi wa matangazo akadhani ni mwaka wa kuzaliwa. Nilicheka peke yangu gereji. Kisha nikakumbuka kwamba ukaguzi huo nilitozwa shilingi 600,000.

Kubadilishwa injini si dhambi. Gari la umri huu lililopiga teksi za masafa marefu, abiria wamebanana na mbuzi yuko juu ya keria, ukilikuta bado na injini yake ya kiwandani ni bahati. Tatizo ni kwamba namba ya injini iliyomo haimo kwenye logbuku, wala hamkunipa risiti ya kuonyesha ilikotoka. Na kile kibati cha namba ya chesisi kimepigwa ribiti mpya zinazong'aa kwenye bodi yenye kutu ya miaka hamsini. Fundi yeyote akiona hivyo hunyamaza kidogo kabla ya kusema bei. Mimi nilinyamaza nikiwa nimekwisha kulipa, na hilo najilaumu mwenyewe. Niliona rangi yake ya kijani kwenye picha nikarudi utotoni.

Sasa huyo mmiliki mmoja. Jina lililo kwenye logbuku ni la Mhindi mfanyabiashara, anwani yake hapa hapa Jinja. Sitaliandika, kwa sababu hajanikosea lolote. Nilikwenda kuuliza mtaani kwake. Wazee wawili wanamkumbuka vizuri: aliondoka na familia yake 1972, Amin alipowapa Waasia siku 90 wawe wametoka nchini. Hakurudi. Kwa hiyo tangazo lenu halikusema uongo kabisa. Mmiliki ni mmoja kweli, ila ana miaka zaidi ya 50 hajaliona gari lake.

Na hapa ndipo ninapotaka majibu ya maandishi. Pamoja na logbuku mlinipa fomu ya kuhamisha umiliki yenye saini ya huyo bwana, na tarehe iliyoandikwa ni ya mwezi Februari mwaka huu. Je, alirudi akasaini? Alisaini akiwa wapi, mbele ya nani? Nilipomuuliza kijana wenu alisema, "Mzee, hizo ni taratibu tu." Saini ya mtu si taratibu, mwanangu.

Nilipeleka karatasi zote Kampala kwenye ofisi ya usajili. Siku hizi kazi hiyo iko Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, si mamlaka ya mapato, URA, tena. Karani, binti mpole, alitafuta namba ya gari kwenye kompyuta mara tatu. Haimo. Akaniambia gari ambalo rekodi yake haikuingizwa kwenye mfumo lazima mwenye jina afike mwenyewe, au warithi wake waje na hati za mahakama za kusimamia mirathi. Warithi hao niwatafutie Leicester au Toronto? Na nikiwapata, kwa nini wanisainie mimi badala ya kulidai gari lao? Sisi wa Jinja tuliona maduka ya Main Street waliyonyang'anywa Waasia yakirudi kwa wenyewe kwa sheria iliyotungwa 1982. Sina hamu ya kulikarabati gari miaka miwili, kisha mjukuu wa mtu aje na picha ya babu yake ameegemea boneti.

Mtasema nitafute 504 nyingine. Nitafute wapi? Sheria ya mwaka 2018 inakataza kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Zile zilizomo ndani ya Uganda ndizo zilizopo, nanyi mnalijua hilo, ndiyo maana mnaziuza kwa bei ya Toyota iliyotoka juzi kwenye bondi, yadi ya magari yaliyoagizwa nje.

Nililipa shilingi 14,000,000 kwa benki, 600,000 za ukaguzi, na 450,000 za breki dauni kutoka kwenye yadi yenu mpaka Jinja. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inamhesabu muuzaji kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza anachokiuza. Hamkuwa nayo. Kile kimstari chenu cha chini kabisa kinachosema "gari linauzwa kama lilivyo" kinahusu kutu na matairi. Hakihusu mali ya mtu mwingine.

Nataka mnirudishie 15,050,000 yote ndani ya siku 30 tangu mpokee barua hii. Sitaki vocha, sitaki "gari lingine la thamani hiyo", na siwataki wale mawakala mlionipendekezea ambao "wanajua watu" wa kuingiza namba kwenye mfumo. Nataka pia kujua nani aliwaletea gari hili, maana naye alilipata kwa mtu. Siku 30 zikipita nitakwenda kwa hakimu. Madai haya yamezidi milioni 10, kwa hiyo utaratibu wa madai madogo hautanifaa, na wakili nimekwisha kumwona. Fomu yenye saini nitaipeleka polisi, na hiyo haitangoja siku 30.

Gari liko uani kwangu, nimelifunika turubai. Sijalifungua hata skrubu moja tangu nilipotoka kwa karani. Betri nimeitoa isimwage asidi, iko ndani ya nyumba, nitawapa. Mkija kulichukua njooni na breki dauni yenu, kwa sababu barabarani sitalitoa likiwa na namba zile. Na mje asubuhi. Mchana kuku wa jirani hulala juu ya boneti na si wepesi kuondoka.

Wasalaam,

Mteja wenu,
Fundi mstaafu, Walukuba

Viambatisho: nakala ya tangazo, risiti tatu, nakala ya logbuku, nakala ya fomu yenye saini, picha za kibati cha chesisi.