Asante kwa uliyenikombolea kinasa safari

Jina lako silijui, lakini asante, tena asante sana. Kinasa safari cha ndege yangu isiyo na injini, yaani kifaa kinachorekodi njia iliyopita ndege, ni cha zamani, kina poti ya siriali ya pini 9 (tundu la zamani la kuunganisha vifaa na kompyuta), na laptopu za siku hizi zina USB tu. Adapta nilikuwa nayo, draiva imeingia, ila programu ya kupakua safari haikioni kabisa. Ukakaa nami, ukafungua orodha ya vifaa kwenye Windows na kunionyesha kuwa adapta imepewa COM12 (namba ambayo Windows huipa poti ya siriali), ilhali programu nyingi za enzi ile zinatambua COM1 hadi COM4 basi. Ukaihamishia COM3, ukalinganisha kasi ya kutuma data pande zote mbili, na faili za IGC, yaani rekodi za safari zenyewe, zikaanza kuingia moja baada ya nyingine!

Ukanieleza pia, bila haraka, kwamba RS-232, yaani kanuni inayotumiwa na poti hiyo ya siriali, hutumia volti chanya na hasi, tofauti na USB, kwa hiyo waya mtupu hautoshi. Lazima chipu ya kubadilisha ikae katikati.

Wengine walishanishauri ninunue kipya. Wewe hukusema hivyo, na humo ndani mlikuwa na safari ambazo sikuwa na nakala zake popote. Mungu akubariki sana.