"Umepuliza Vumbi Tu, Mbona Mia Nane?"

Wiki jana mteja mmoja wa karakana yetu ya kutengeneza mota hapa Kibuye, Kisumu, mkereza miguu ya vitanda na viti, aliondoka akinung'unika. Mota ya mashine yake ya kukereza, ya nguvu ya farasi mmoja, ilikuwa inanguruma bila kuzunguka. Tuliifungua mbele yake, tukasafisha swichi ya ndani, tukaifunga, ikazunguka. Shilingi 800. "Yaani fundi umepuliza vumbi tu?" Alilipa, ila tunasikia anawaambia wenzake sokoni kwamba tumemla.

Si wa kwanza, kwa hivyo tueleze. Mota ya fezi moja (ya umeme wa kawaida wa nyumbani) ya aina hii ina koili mbili, yaani misokoto ya waya wa shaba. Moja ni ya kukimbia, nyingine ni ya kuanzia, na hii ya pili hufanya kazi kwa muda mfupi tu ikisaidiwa na kapasita, kile kikopo kinachohifadhi chaji ya umeme. Mwendo ukifika kama robo tatu, swichi iliyo ndani hurushwa na mzunguko wenyewe na kuikata. Sasa, vumbi la kukereza na kupiga msasa ni laini kama unga, na saipresi ina utomvu. Vumbi hilo huvutwa na feni, hupita kwenye matundu na kuganda kwenye pointi za swichi. Pointi zisipogusana koili ya kuanzia haipati stima, mota inabaki kunguruma.

Pumzi yetu ni ya bure. Ile 800 ni ya kupima kapasita, koili na beringi, tukajua ni nzima kabla hajanunua chochote. Kuna mahali angeambiwa "imeungua hii" na akatozwa ya kusukwa upya, yaani kuwekewa koili mpya.

Kinachotuuma zaidi ni ujanja wa kusukuma kwa mkono. Mota ikikataa kuanza, mtu anawasha, anaizungusha kwa kiganja, inashika mwendo, naye anaona amepata dawa. Kumbe kila sekunde inayonguruma imesimama, inavuta umeme mara tano au sita ya ule wa kawaida, na feni haizunguki kuipoza. Kijana mmoja wa Ahero alifanya hivyo miezi miwili. Siku moja aliwasha, simu ikaita, akaongea kidogo mota ikinguruma. Alipotuletea, harufu ya vanishi ya koili iliyoungua ilitufikia kabla hajashuka kwenye bodaboda. Kapasita ingemgharimu 600. Kusuka upya kulikula 6,500. (Na hapo hatujasema mkono wa shati ukinaswa na shafti.)

Mwingine alimpa fundi wa redio kazi ya kubadilisha kapasita. Akafungiwa kapasita ya redio, yenye chanya na hasi, kwenye umeme wa nyumbani. Ililipuka kama baruti ya Krismasi na kutapakaza karatasi kila mahali. Mikrofaradi (kipimo cha kapasita) kulingana haitoshi, lazima iwe ya mota.

Kusuka upya tunajua ni ghali. Shaba tunanunua kwa kilo. Kabla ya kung'oa koili ya zamani tunahesabu mizunguko ya waya na kupima unene wa waya, kisha baada ya kusuka kuna vanishi na kuikausha kwa joto. Anayekufanyia kwa nusu bei mara nyingi amepunguza waya, na mota itachemka ukianza tu kukereza mahogani.

Halafu kuna mzee wa Maseno aliyerudi mara tatu akisema tumemuuzia kapasita mbovu. Ilibidi tumfuate. Mashine ilikuwa kwenye banda, imeungwa kwa ekstensheni ya mita 40, waya wa milimita moja. Kwenye soketi ya nyumba tulisoma volti 240. Pale kwenye mota, wakati wa kuanza, 195. Volti zikishuka hivyo, nguvu ya kuanza inabaki kama theluthi mbili, kwa hivyo kila asubuhi mota ilihangaika na kuchosha kapasita. Tulimwekea waya wa milimita mbili na nusu, tukasogeza mashine karibu. Hajarudi tena, isipokuwa kutuletea ndizi.

Kabla ya kuja, chomoa plagi, toa mkanda, zungusha shafti kwa mkono. Ikikwaruza au ikiwa nzito, shaka beringi. Ikiwa nyepesi lakini inanguruma ukiwasha, zima mara moja utuletee. Usiguse miguu ya kapasita hata ukiwa umechomoa, hukaa na chaji. Fyuzi ikikatika usiifunge kwa uzi wa waya. Na tafadhali, usitupe koili iliyoungua ukatuletea ganda tupu, kwa sababu hapo hatuna cha kuhesabu, na kazi ya kubuni tunatoza zaidi.