Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kabla ya mashine ya kusafisha damu, tupeni chupa mbili

Mheshimiwa Waziri,

Kaka yangu ni fundi cherehani katika soko la Gikomba, Nairobi. Mwaka jana mbwa wa jirani alimng'ata kiganjani, vitundu viwili tu kama vya sindano. Zahanati ikamchanja dhidi ya kichaa cha mbwa, akarudi kazini. Hakuna aliyemuuliza kama ana bandama, kiungo kinachosaidia kuondoa bakteria kwenye damu. Yake ilitolewa zamani baada ya ajali ya matatu.

Siku ya tatu alitetemeka hadi kitanda kikagonga ukuta. Tulipofika hospitalini presha ilikuwa imeshuka hadi 70 kwa 40, ncha za vidole zimekuwa zambarau. Dripu walikuwa nayo. Antibiotiki tuliandikiwa tukanunue nje, na chupa za kuoteshea damu vilevile, zile ambamo damu huwekwa ili bakteria waliomo wakue na kutambuliwa. Nilizunguka maduka matatu ya dawa. Antibiotiki iliingia mshipani saa nne baada ya sisi kufika. Chupa zile mbili, zikiwa bado na joto la damu yake, nilizifunga ndani ya leso nikazipakata kwenye bodaboda hadi maabara ng'ambo ya mji. Jibu lilitoka siku ya sita: Capnocytophaga canimorsus, bakteria wa mdomoni mwa mbwa. Watu wengi hawadhuriki naye, lakini asiye na bandama anaweza kuuawa naye kwa siku chache.

Tukiwa bado tunasubiri jibu hilo tuliambiwa ipo mashine ya kusafisha damu, tutafute pesa. Harambee ikaanza usiku huohuo. Shangazi alitoa karo ya mwanawe.

Baadaye nilisoma. Damu huvutwa kwa pampu, ikapita kwenye kichujio chenye nyuzi zilizotiwa dawa ya polimiksini B zinazonasa sumu ya bakteria, kisha ikarudishwa mwilini. Japani wanaitumia tangu 1994. Lakini utafiti wa EUPHRATES wa 2018, wenye wagonjwa 450 wa Marekani na Kanada walioshukwa presha kwa sababu ya maambukizi, haukuona kwamba inapunguza vifo: ndani ya siku 28 walifariki asilimia 37.7 ya waliosafishwa damu, na asilimia 34.5 ya wasiosafishwa. Mwongozo wa kimataifa wa 2021 wa kutibu sepsis, yaani mwili unapozidiwa na maambukizi, unashauri kichujio hicho kisitumike, na unataka mgonjwa aliyeshukwa presha namna ile apate antibiotiki ndani ya saa moja. Shangazi alistahili kuyasikia haya kabla hajatoa karo.

Presha ya kaka ilipanda kabla pesa hazijatimia. Vidole vitatu vilikatwa.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Basi naomba waraka kutoka wizarani kwako, Afya House: kila chumba cha dharura Nairobi kiwe na chupa za kuoteshea damu na dozi ya kwanza ya antibiotiki kabatini, itolewe kabla ya mtu kuulizwa pesa, na gharama ibebwe na ule mfuko wa dharura ulio chini ya SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Zahanati nazo ziagizwe kumuuliza kila aliyeng'atwa na mbwa kama bado ana bandama. Na familia isichangishwe kwa ajili ya mashine kabla ya kuelezwa, kwa lugha inayoielewa, utafiti umeonyesha nini.

Nasubiri jibu lako.

Dada wa fundi, Nairobi